UZI: Kulea watoto wadogo Hawaii kwa wazazi waliokulia Afrika Mashariki (bahari, ua, meno, shule, chakula)

MwambaoTanga
Wakuu, salaam. Maswali ya familia zinazohamia Oahu na Kisiwa Kikubwa, visiwa viwili vya Hawaii, yanajirudia, basi tuyakusanye hapa. Naanza na bahari, maana ndiyo inayomdanganya mtu wa pwani kuliko kitu kingine chochote.

Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja anaisoma bahari kwa maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4. Hawaii tofauti hiyo haifiki hata mita 1. Ukimsubiri mtoto acheze maji yakipwa, umejipa usalama ambao haupo. Kinachoamua hapa ni mawimbi yanayozaliwa na dhoruba za mbali, yakasafiri siku kadhaa hadi yakakuta kisiwa. Kuanzia Novemba hadi Machi hivi, dhoruba za Pasifiki ya Kaskazini hupiga fukwe zinazotazama kaskazini, kama Waimea na Sunset kule Oahu. Ufuo uleule uliotulia Julai kama maji ya birika, Desemba unatoa mawimbi marefu kuliko nyumba. Kuanzia Mei hadi Septemba zamu ni ya fukwe za kusini, ingawa mawimbi yake kwa kawaida ni madogo kuliko ya kaskazini.

Kwa hiyo miezi ya baridi watoto wapelekwe kusini, miezi ya joto kaskazini. Hata hivyo tazama utabiri wa siku yenyewe kutoka ofisi ya hali ya hewa ya Honolulu.

Jambo la futi linawachanganya wengi. Wenyeji wa Hawaii hupima wimbi kwa nyuma, si kwa uso wake. Akikwambia "leo ni futi 3", uso wa wimbi unaweza kufika futi 6, yaani juu ya kichwa cha mtu mzima. Utabiri rasmi hutaja uso wa wimbi. Jua unayeongea naye anapima kwa kipimo kipi.

Jingine: mawimbi makubwa huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari inaweza kutulia dakika 10 na zaidi. Kabla ya kumvua mtoto viatu, kaa mchangani dakika 15 hadi 20 ukitazama maji. Mchanga uliolowa unakuonyesha wimbi kubwa limefika wapi, kwa hiyo mkeka wako uwe juu ya hapo.

Fukwe za Sandy Beach na Makapuu si za watoto wadogo, hata kwa kulowesha miguu. Wimbi linavunjika juu ya mchanga wenye maji kidogo sana, linamwangusha mtoto, kisha maji yanayorudi yanamvuta. Watu wazima huvunjika shingo pale.

Mama_Wawili_Oahu
Ahsante kaka. Naongeza sehemu ambazo mtoto wa miaka 1 hadi 5 anaweza kucheza maji.

Ko Olina, magharibi mwa Oahu: ghuba nne zilizochimbwa, mbele zina ukuta wa mawe. Maegesho ya umma ni machache na hujaa asubuhi mapema. Magic Island, pembeni ya Ala Moana: ghuba ndogo nyuma ya ukuta, vyoo na mabomba ya kuogea viko karibu. Kuhio Beach pale Waikiki nayo ina ukuta, lakini juu yake pana utelezi wa mwani na kuna nafasi ambapo maji huingia na kutoka kwa nguvu. Mtoto asikae karibu na nafasi hizo. Kisiwa cha Kauai kuna Lydgate, bwawa la bahari lililozungushiwa mawe makubwa, na ndani yake kuna bwawa dogo zaidi la watoto. Mlioko mji wa Hilo, Kisiwa Kikubwa, nendeni ufuo wa Onekahakaha.

Ukuta hupunguza mawimbi tu, haumlindi mtoto asizame. Mtoto mdogo huzama kimya, bila kupiga kelele, kwenye maji ya magotini. Mtu mzima awe umbali wa kunyoosha mkono, na awe mmoja aliyetajwa kwa jina, maana "sote tunamwangalia" mara nyingi huishia kuwa hakuna anayemwangalia.

Na maboya ya kupuliza hewa acheni nyumbani. Upepo wa kaskazini-mashariki ndio unaotawala mwaka mzima, kwa hiyo fukwe za upande wa pili wa kisiwa, Waikiki, Ko Olina na Waianae, upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Manahodha wetu wangesema upande wa demani. Maji yanaonekana laini kwa sababu hiyohiyo, na boya lenye mtoto linasukumwa nje haraka kuliko mzazi anavyoogelea. Mvalisheni jaketi la kuelea lenye muhuri wa kikosi cha ulinzi wa pwani cha Marekani, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Ukilishika jaketi mabegani na kuliinua, lisipande hadi masikioni.

NgalawaMbili
Kuhusu yavuyavu, kuna aina mbili msizichanganye.

Wa kwanza ni yule wa umbo la sanduku. Haonekani kirahisi majini, mwili wake ni wa sentimita chache tu lakini mikia ni mirefu. Huja fukwe za kusini, Waikiki, Ala Moana na Hanauma, siku ya 8 hadi ya 10 baada ya mwezi mpevu. Mnaofuata kalenda ya Kiislamu mna hesabu tayari: mwezi mpevu ni usiku wa 14 au 15, kwa hiyo siku mbaya ni takriban tarehe 22 hadi 25 ya mwezi mwandamo. Waokozi huweka mabango, lakini panga matembezi yako kabla.

Wa pili ni yule wa bluu mwenye puto linaloelea. Huyo hafuati mwezi, anafuata upepo. Upepo ukivuma kwa nguvu siku mbili tatu, ukague mchanga wa Kailua, Lanikai na Waimanalo. Vikiwa vimekauka mchangani bado vinachoma, na watoto huvipenda kwa sababu vinafanana na mipira midogo.

Mtoto akichomwa na yule wa sanduku: mtoe majini, mmwagie siki kwa wingi kwa sekunde 30 au zaidi, ondoa mikia kwa kibano, usisugue kwa mchanga wala taulo. Kusugua kunapasua vifuko vya sumu ambavyo bado havijafyatuka. Kisha sehemu hiyo iingie kwenye maji ya moto ya nyuzi 42 hadi 45, dakika 20 hadi 45. Mtu mzima atangulize mkono wake kwanza na aubakize humo, asije akamuunguza mtoto. Mkojo hausaidii. Akibanwa na pumzi, akitapika au akivimba uso, piga 911.

Chupa ya siki ikae kwenye gari muda wote.

Bint_Lamu
Jamani na losheni ya jua? Nimesikia nyingine zimepigwa marufuku. Na mtoto wa miezi minne apakwe?

Mama_Wawili_Oahu
Bint Lamu, ndiyo. Tangu 1 Januari 2021 ni marufuku kuuza Hawaii losheni zenye oksibenzoni au oktinoxeti bila cheti cha daktari, kwa sababu zinadhuru matumbawe. Kaunti ya Maui iliongeza ukali mwaka 2022: zinazouzwa huko ni za madini tu, yaani zinki oksaidi au titani dioksaidi. Soma sehemu ya viambato nyuma ya chupa, usitosheke na maandishi ya mbele yanayosema ni rafiki wa matumbawe.

Wa miezi minne hapakwi. Chini ya miezi 6 ni kivuli, kofia pana na nguo ndefu nyepesi. Akishafika miezi 6, zinki. Kwenye ngozi nyeusi zinki huacha weupe kama majivu, kwa hiyo tafuta ile yenye rangi ya udongo. Ngozi yetu huchelewa kuungua, lakini jua la hapa saa sita mchana wakati wa kiangazi ni kali mno na ngozi nyeusi nayo huungua. Rudia kila saa 2, na kila akitoka majini. Fulana ya kuogelea ya mikono mirefu inakupunguzia nusu ya kazi, maana unabaki na uso, shingo, masikio na miguu tu.

PunaMkulima
Mimi naongelea ua, hasa kwa mliopo Hilo na Puna, mashariki mwa Kisiwa Kikubwa.

Hawaii haina kichaa cha mbwa wala malaria, na nyoka wa hatari hawapo, kwa hiyo wazazi wetu hupumua wakafikiri ua ni salama kabisa. Hatari ya hapa ni ndogo kwa umbo: koa, yule konokono asiye na gamba. Panya ana minyoo ya mapafu, mabuu yake hutoka kwenye mavi, koa anayala, kisha koa mdogo kama punje ya mchele anajificha kwenye jani la saladi au kwenye kikombe cha kuchezea kilicholala nje. Mtoto akimmeza, mabuu hupanda hadi kwenye ubongo. Dalili ni kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, ngozi kuwasha au kuuma ukiigusa tu. Kwa mtoto mdogo mara nyingi ni homa, kutapika na kulia na kukataa kushikwa. Ukimkuta na koa mdomoni, mtoe, msafishe kinywa, nenda kwa daktari siku hiyohiyo na umtaje huyo koa. Usisubiri dalili.

Mboga za majani zifunguliwe jani moja moja, zioshwe pande zote mbili chini ya maji yanayotiririka huku ukitazama kwa macho. Siki na dawa za kusafishia mboga haziui mabuu. Moto unaua. Mchicha na sukuma wiki iliyopikwa kwa mtindo wetu haina tatizo. Kinachohitaji uangalifu ni kachumbari na saladi. Ukitaka kula bichi, kugandisha kwa nyuzi 15 chini ya sifuri kwa saa 24 kunaua pia, ila jani hulegea, linafaa kwa maji ya matunda tu. Vyombo vya kuchezea viingizwe ndani jioni, na mtoto asinywe maji ya mpira wa bustani, maana koa hulala humo.

Koa waokotwe kwa vijiti au glavu, si kwa kidole, watiwe kwenye chupa ya maji ya chumvi kali yenye kifuniko.

Kuna pia sisimizi wa moto wadogo, waligunduliwa Kisiwa Kikubwa mwaka 1999. Wana urefu wa milimita 1.5, rangi ya chungwa, wanatembea polepole. Hawajengi kichuguu, wanakaa hadi juu ya miti na wanadondoka upepo ukipiga, kwa hiyo mtoto anaumwa shingoni na machoni. Kupima ua: paka siagi ya karanga, safu nyembamba mno, kwenye ncha za vijiti vya kulia, viweke kwenye shina la miti, vyungu vya maua na kivuli cha ukuta, asubuhi au jioni. Baada ya saa 1 vitie kwenye mfuko wa plastiki wa kubana, gandisha usiku mzima. Ukipaka siagi nene sisimizi hunata humo na haitambuliki ni aina gani. Mdudu mwenyewe haui, ila usimweke mtoto chini ya mti kabla hujapima.

Tandu wa hapa ni wakubwa. Kung'uta viatu na shuka, kitanda kisiguse ukuta.

Jongoo_wa_Mombasa
Mkuu PunaMkulima umesahau miiba ya mti wa kiawe. Wakenya mnamjua jamaa yake wa karibu, mathenge wa Baringo na Tana River. Fukwe kavu za magharibi zimejaa. Mwiba unatoboa ndala mpaka unyayo. Mtoto avae viatu vya mpira mgumu hadi afike kwenye mchanga usio na miti.

ArushaMlimani
Maji na meno.

Wazazi wa Arusha na Meru tumezoea floridi iliyozidi, maji yanayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia, na wengine tuliapa kutotumia dawa ya meno yenye floridi. Hawaii ni kinyume kabisa. Maji ya bomba ya umma hayatiwi floridi, isipokuwa kwenye kambi za jeshi, na kuoza kwa meno ya watoto ni tatizo kubwa visiwani. Kwa hiyo tumia dawa yenye floridi tangu jino la kwanza: kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3, kiasi cha punje ya njegere miaka 3 hadi 6. Mara mbili kwa siku, ateme, asisukutue kwa maji mengi. Daktari wa watoto anaweza kumpaka floridi ya kugandia kwenye meno. Omba, usisubiri kuambiwa.

Nyumba nyingi za Puna zinatumia maji ya mvua kwenye tangi. Hayo ni ya kuoga na kufulia. Ya kunywa, kupikia uji na kupigia mswaki chota kwenye mabomba ya umma ya kaunti au nunua. Paa likiwa la zamani, pima risasi, maana rangi na misumari ya zamani huitoa.

Mito nayo, hata ile ya maporomoko mazuri ya picha: mtoto mwenye kidonda au mchubuko asiingie. Kuna bakteria wa mkojo wa panya na nguruwe. Na mvua kubwa ikinyesha, bahari ikageuka rangi ya chai ya maziwa, kaeni nje ya maji hadi irudi bluu.

Bint_Lamu
Nashukuru. Shule je? Wangu atafika miaka 5 mwezi wa Septemba.

Mwalimu_Kaneohe
Dada, hapo umekosa kwa mwaka huo. Kuanza chekechea ya serikali mtoto awe ametimiza miaka 5 ifikapo 31 Julai. Shule hufunguliwa mwanzoni mwa Agosti. Jimbo zima ni wilaya moja ya elimu, kwa hiyo kanuni ni ileile Oahu, Maui au Kauai.

Yanayowakwamisha Waafrika Mashariki ni matatu. Anzeni mapema, miezi 7 kabla ikiwezekana.

La kwanza ni cheti cha kifua kikuu. Bila hicho mtoto haingii darasani siku ya kwanza, hata kama ana miadi. Watoto wetu wana kovu la BCG, begani au mkononi, na kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo. Akiwa na miaka 2 au zaidi, omba kipimo cha damu, ambacho BCG haikichanganyi.

La pili ni chanjo. Kadi ya Tanzania au Kenya ina surua-rubela, lakini haina matumbwitumbwi. Hawaii wanataka dozi 2 zenye vyote vitatu. Wanataka pia tetekuwanga dozi 2 na homa ya ini A dozi 2, ambazo kwa kawaida hazimo kwenye ratiba zetu za nyumbani. Homa ya ini A inataka miezi 6 kati ya dozi, tetekuwanga miezi 3. Ndiyo maana nasema miezi 7. Na angalieni mpangilio: surua na tetekuwanga ni chanjo hai. Zichomwe siku moja na kipimo cha kifua kikuu, au kipimo kisubiri wiki 4, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Kadi ya nyumbani iletwe ile halisi, tarehe zisomeke.

La tatu ni uchunguzi wa mwili, ndani ya miezi 12 kabla ya kuanza, uliofanywa na mtaalamu mwenye leseni ya Marekani. Wa Muhimbili au Nairobi haupokelewi.

Kama mzazi ameajiriwa saa 20 au zaidi kwa wiki, sheria ya mwaka 1974 inamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi bima ya afya. Mtoto si lazima awemo kwenye bima hiyo, kwa hiyo ulizia. Kipato kikiwa kidogo, ombeni Med-QUEST, bima ya afya ya serikali ya jimbo.

Gari: chini ya miaka 2 mtoto anatazama nyuma. Chini ya miaka 4 kiti chenye mikanda yake. Hadi atimize miaka 10 kiti cha kuinulia, isipokuwa amefika 7 na ana urefu wa futi 4 na inchi 9. Ukitikisa kiti pale mkanda unapopita kisisogee zaidi ya inchi 1.

MwambaoTanga
Mwalimu, na shule za Kihawaii?

Mwalimu_Kaneohe
Zipo, na nazipenda kwa watoto wetu. Shule za awali za Pūnana Leo zilianza mwaka 1984, baada ya lugha kukaribia kufa kufuatia sheria ya 1896 iliyofanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Serikali ikafuata na madarasa yake mwaka 1987. Irabu za Kihawaii ni zilezile tano tulizo nazo, na husomeka kama za Kiswahili. Mtoto anayejua silabi za a, e, i, o, u atasoma Kalanianaole kwenye kibao cha barabara bila kufundishwa. Mistari ya juu ya irabu ni ya kurefusha tu. Kwenye nyingi ya shule hizi wazazi hutakiwa kujifunza lugha na kujitolea saa za kazi, kwa hiyo pimeni muda wenu kwanza.

Shelisheli_Pemba
Nije jikoni. Vyakula vingi vinakuja kwa meli na bei zinauma, lakini viwili vya kwetu vipo.

ʻUlu ndiyo shelisheli. Lililokomaa lina matone ya utomvu uliokauka juu na ngozi yake imelainika, na kati ya vijigamba pana rangi ya hudhurungi. La kijani kibichi lenye vijinundu vikali bado. Paka kisu na mikono mafuta kabla ya kukata, utomvu haunati. Lipasue vipande vinne, toa kiini, chemsha kwa mvuke dakika 30 hadi 45. Kwa mtoto wa miezi 8 ponda na tui. Kwa mkubwa, kata vijiti, vikaange baada ya kuvichemsha kwa mvuke. Ukikaanga bichi nje inaungua na ndani inabaki ngumu.

Kalo ni magimbi. Poi, yaani magimbi yaliyopikwa kisha yakapondwa na maji, wenyeji huwapa watoto kama chakula cha kwanza wakifika miezi 6. Ni laini na haimsumbui mtoto mwenye mzio wa nafaka. Siku ya kwanza ni tamu, siku ya tatu imechacha. Watoto wetu huipenda ya siku ya kwanza. Majani ya magimbi chemsha saa 1 au zaidi. Yakiwa nusu mbichi, fuwele zake humwasha mtoto koo hadi alie.

Wali wenye nyama ya kopo ya Spam utaukuta kila duka. Chumvi ni nyingi, chini ya mwaka 1 asipewe.

Mama_Wawili_Oahu
Adabu hazitawasumbua. Viatu huachwa mlangoni kama Unguja, na kila mtu mzima huitwa anti au anko, hata asiye ndugu. Mtoto akifika mwaka 1 familia hufanya karamu kubwa. Ukialikwa nenda na chakula cha watu wengi na zawadi kwa mtoto. Mjamzito usimvishe shada la maua lililofungwa shingoni, mpe lililo wazi.

King'ora kikilia siku ya kwanza ya kazi ya mwezi saa 5:45 asubuhi, ni majaribio ya dakika 1, waelezeni watoto wasiogope. Kikilia wakati mwingine wowote, fungua redio au simu. Mkihisi tetemeko kali mkiwa ufukweni msisubiri king'ora, pandeni juu. Mamlaka ya dharura inataka kila nyumba iwe na akiba ya siku 14. Nepi, maziwa ya kopo na dawa za mtoto zihesabiwe humo.

Bint_Lamu
Na kumpigia bibi simu, saa ngapi?

NgalawaMbili
Hawaii iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 13, na haibadilishi saa mwaka mzima, kwa hiyo hesabu haigeuki. Saa 1 asubuhi kwenu ni saa 2 usiku kwa bibi, siku ileile. Nafasi nzuri kwa watoto ni Ijumaa saa 11 jioni: kwa bibi ni Jumamosi saa 12 asubuhi, ameshaamka, na wao hawajachoka.